Kichwa cha kinesini hatua kwa hatua: mwongozo kamili wa kuchunguza muundo wa protini inayotembea

Kinesini ni hamali wa seli. Hubeba vifuko, mitokondria na mizigo mingine juu ya reli za tubulini ziitwazo mikrotubuli, na kwenye neva husafirisha shehena hizo kutoka mwili wa seli hadi ncha ya mbali. Ilitambuliwa mwaka 1985 katika neva nene ya ngisi. Kila hatua yake ni nanomita 8, kila hatua hula molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli, na isipozuiwa hupiga hatua kama 100 kwa sekunde. Ukiivuta kwa nyuma huendelea kusonga mpaka nguvu ifike pikonyutoni 5 hadi 7, ndipo inasimama.

Sehemu inayofanya kazi hiyo yote ni ndogo. Mnyororo mzito wa kinesini-1 ya binadamu, aina ya KIF5B, una asidi amino 963, lakini injini yenyewe iko katika zile 325 za mwanzo, sehemu tunayoiita kichwa. Mwongozo huu ni wa kukifungua kichwa hicho kwenye kompyuta, kukigawa vipande, kupima umbali kati ya atomu, na kuona kwa macho jinsi ATP inavyogeuka kuwa mwendo. Tenga saa mbili hadi tatu. Anayejua asidi amino ni nini na helisi ya alfa inafananaje atafuata bila shida.

Vifaa

Programu tunayotumia ni ChimeraX, ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Ni ya bure kwa masomo na utafiti usio wa biashara. Faili la kusakinisha lina mamia ya megabaiti, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi, usilipakue kwa bando la siku. Mafaili ya miundo ni mepesi, hayazidi megabaiti chache kila moja. Kama kompyuta yako ni ya zamani na kadi yake ya picha inagoma, tovuti ya RCSB Protein Data Bank ina kionyeshi kiitwacho Mol* kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Kuangalia na kupima umbali utaweza, ila kulinganisha miundo kama tunavyofanya hapa ni rahisi zaidi kwa ChimeraX. Tafuta na kipanya chenye vitufe viwili na gurudumu, kwa sababu kugeuza molekuli kwa kidole juu ya padi ya laptopu kunachosha mkono upesi.

Miundo tunayohitaji ni miwili, kwa namba zake za Protein Data Bank:

1BG2 ni kichwa cha kinesini ya binadamu kikiwa peke yake, hakijashika reli, kimebeba ADP, yaani ATP iliyokwisha kukatika. Umakinifu wake, yaani udogo wa kitu unachoweza kukitofautisha, ni angstromu 1.8 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Muundo huu ulitangazwa mwaka 1996.

4HNA ni kichwa hichohicho kikiwa kimeshika tubulini, na ndani yake kuna ADP pamoja na floridi ya alumini, mchanganyiko unaoiga ATP pale inapokatika. Umakinifu wake ni angstromu 3.19.

Tofauti ya umakinifu ina maana kubwa kwenye vipimo. Kwa 1.8 unaona mnyororo wa pembeni wa kila asidi amino vizuri, hata molekuli za maji. Kwa 3.19 umbo la uti wa protini linaaminika, lakini usitangaze kwamba umbali kati ya atomu mbili ni 2.87 na si 3.1. Hapo tarakimu ya pili haina uzito.

Hatua ya 1: Fungua na usafishe

Kwenye mstari wa amri ulio chini ya dirisha andika, mstari mmoja mmoja:

open 1bg2
hide atoms
cartoon
hide solvent
show ligand
show ions

Sasa uko na utepe wa protini, ADP katikati, na nukta moja ya magnesi. Kizungushe. Umbo lake ni kama ncha ya mshale, urefu wa nanomita 7 hivi na upana wa 4.5. Katikati kuna mkeka wa beta wenye nyuzi nane, na helisi sita za alfa zimeubana kwa pande zote mbili, tatu huku na tatu kule. Mpangilio huu ulipoonekana mara ya kwanza uliwashangaza wataalamu, maana kiini chake kinafanana na cha miosini, injini ya msuli, ingawa ukiziweka sekwensi zake (mifuatano ya asidi amino) bega kwa bega huoni undugu wowote.

Katika sehemu fulani utaona utepe umekatika na kuunganishwa kwa vidoti. Si hitilafu ya programu. Muundo huu ulipatikana kwa kupiga eksirei fuwele ya protini. Asidi amino za hapo zilikuwa zikichezacheza ndani ya fuwele, eksirei haikuzinasa, na waliojenga muundo hawakuzibuni. Katika 1BG2 sehemu ya kitanzi L11 (kitanzi cha 11) haimo, na mnyororo unakatika kabla ya shingo, ambayo tutaiona katika hatua ya 5. Viweke akilini vidoti hivyo, tutavirudia.

Hatua ya 2: Chumba cha ATP

Chumba hiki kina kuta tatu, na kila moja ina kazi yake. Zipake rangi:

color #1 lightgray
color #1/A:85-92 orange
color #1/A:198-203 cyan
color #1/A:231-236 magenta
color ligand byhetero

Rangi ya chungwa ni kitanzi P, chenye mfuatano wa glisini, glutamini, treonini, serini, serini, glisini, lisini na treonini. Ndicho kinachokumbatia fosfati. Samawati ni swichi ya kwanza, na zambarau ni swichi ya pili. Swichi hizi mbili ndizo zinazohisi kama fosfati ya tatu ipo au haipo. ATP ina fosfati tatu na ADP ina mbili, na injini nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo moja.

Sasa sogea karibu kabisa:

show #1/A:14,17,91,92 atoms
style #1/A:14,17,91,92 stick
distance #1/A:92@OG1 #1:MG@MG

Umbali kati ya oksijeni ya treonini 92 na magnesi utakuwa angstromu 2 na kidogo. Hilo ni fundo la kweli, si ujirani. Magnesi imeshikwa upande mmoja na treonini, upande wa pili na fosfati ya ADP, na nafasi zilizobaki zimejazwa na maji. Andika show solvent uyaone maji hayo yalivyoizunguka, kisha yafiche tena. Lisini 91 imenyoosha mkono wenye chaji chanya kuelekea fosfati. Arginini 14 na prolini 17 ziko upande wa pili wa nukleotidi (hiyo ADP), zinaegemeza kile kipande cha adenini.

Treonini 92 ikibadilishwa kuwa asparagini, kichwa hung'ang'ania mikrotubuli bila kuachia. Watafiti hutumia badiliko hilo makusudi, kwa sababu kinesini iliyokwama namna hiyo huonyesha reli ziko wapi ndani ya seli.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau alama ya #1/A. Faili likiwa moja amri itafanya kazi hata ukiandika :92 tu. Ukishafungua la pili, amri hiyohiyo itapaka rangi asidi amino namba 92 za tubulini pia, na hutaelewa rangi zimetoka wapi. Zoea kuandika namba ya faili na herufi ya mnyororo tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Lete reli

open 4hna
hide #2 atoms
cartoon #2
show #2 & ligand

Kuna minyororo minne: A ni tubulini alfa, B ni tubulini beta, K ni kinesini, na D ni DARPin. Hiyo ya mwisho iangalie kwa makini. DARPin si sehemu ya injini na haimo ndani ya seli. Ni protini ya maabara iliyowekwa kwenye ncha ya tubulini ili kuzuia tubulini zisiungane kuwa mirija mirefu, maana mirija haitengenezi fuwele. Mwanafunzi asiyelijua hili huandika kwamba kinesini ina kijenzi cha ziada. Ifiche:

hide #2/D cartoons

Kosa la pili ni kuchanganya nukleotidi. Tubulini nazo zina za kwake, za jamii ya guanini. Unayoitafuta ni ile iliyo ndani ya mnyororo K, yenye ADP na ALF. Herufi hizo za mwisho ni floridi ya alumini, iliyokaa pale ambapo fosfati ya tatu ingekaa.

Kabla ya kwenda mbele, jua njia inaelekea wapi. Kinesini-1 hutembea kuelekea ncha jumlishi (plus end) ya mikrotubuli, na katika kila jozi tubulini beta ndiyo iliyo upande wa ncha hiyo. Geuza picha mpaka B iwe juu na A iwe chini. Sasa juu ni mbele. Acha hivyo hadi mwisho wa kazi. Ukipoteza mwelekeo huu, hatua ya 5 haitakuwa na maana. Ukitaka kupima ukubwa wa reli, chukua alfakaboni, atomu ya uti wa protini, ya asidi amino 100 katika A na katika B:

distance #2/A:100@CA #2/B:100@CA

Utapata takribani angstromu 40, yaani nanomita 4. Jozi nzima ni nanomita 8, na hiyo ndiyo hatua moja ya kinesini. Hamali huyu hakanyagi katikati ya jozi mbili. Kila jozi ina mahali pamoja tu pa kukanyaga.

Hatua ya 4: Linganisha hali mbili

Hapa ndipo penye utamu. Muundo mmoja ni picha mnato, na mwendo hauonekani mpaka uziweke picha mbili moja juu ya nyingine. Wengi huandika amri hii na kuishia hapo:

matchmaker #2/K to #1/A

Programu itasogeza faili la pili lote na kukupa namba mbili: wastani wa tofauti kwa jozi za atomu zilizobaki baada ya kupunguza, na wastani wa jozi zote. Namba ya kwanza ni ndogo siku zote, na inadanganya asiyejua. Kwa kawaida programu hutupa nje jozi zilizoachana zaidi ya angstromu 2, kisha hupima zilizobaki. Lakini zilizoachana ndizo zilizosogea! Umetupa jibu ukabaki na kapi. Soma namba ya pili, na zaidi ya hapo tumia macho.

Njia bora ni kushikilia kipande kimoja ambacho kina sababu ya kutulia, kisha kuangalia vingine vimekwenda wapi. Kitanzi P na mwanzo wa helisi inayokifuata kinafaa:

align #2/K:80-100@CA toAtoms #1/A:80-100@CA
color #2/K steelblue
hide #2/A,B cartoons

Amri ya align hudai idadi ya atomu iwe sawa pande zote. Ikikataa, kuna asidi amino inayokosekana upande mmoja, basi punguza masafa. Angalia pia kwamba tubulini tumezificha, hatujazifuta. Utazihitaji.

Sasa tazama mambo matatu, kwa utaratibu huu.

La kwanza ni swichi mbili. Katika 4HNA zimejifunga juu ya ADP na floridi ya alumini kama kifuniko. Pima kufuli lake, yaani glutamati 236 na arginini 203:

show #2/K:203,236 atoms
distance #2/K:236@OE1 #2/K:203@NH1

Kama umbali ni mkubwa kuliko angstromu 4, usikate tamaa. Glutamati ina oksijeni mbili, OE1 na OE2, na arginini ina nitrojeni NH1 na NH2. Majina haya hupewa kwa kufuata kanuni tu, hayakuambii ni ipi iliyomgeukia mwenzake. Jaribu jozi zote nne uchukue fupi kuliko zote. Ulinganishe na 1BG2 kwa kupima namba hizohizo.

La pili ni kitanzi L11 na helisi ya nne. Katika 1BG2 palikuwa na vidoti. Katika 4HNA, reli ikiwa imeshikwa, sehemu kubwa ya kitanzi imejikunja na kuongeza mizunguko ya helisi ya nne, ambayo sasa imelala kwenye bonde kati ya tubulini alfa na beta. Rudisha tubulini kwa show #2/A,B cartoons uone inavyokaa. Kile kilichokuwa kamba legevu kimekuwa fimbo. Hivyo ndivyo kushika reli kunavyowasiliana na chumba cha ATP: mwanzo wa L11 umefungwa kwenye swichi ya pili, na mwisho wake ni helisi iliyogusa reli. Ukivuta huku, kule kunasikia.

La tatu ni shingo.

Hatua ya 5: Kiungo cha shingo

color #2/K:325-338 red
color #2/K:1-8 yellow

Nyekundu ni kiungo cha shingo, asidi amino 14 hivi zinazounganisha kichwa na fimbo pacha inayovishika vichwa viwili pamoja. Katika 1BG2 hukiona kwa sababu kilikuwa kinaning'inia huru. Katika 4HNA kimelala na kujibandika ubavuni mwa kichwa. Uzi wa manjano, mwanzo kabisa wa protini, umekuja kukifunika, na viwili hivyo vimekuwa kama nyuzi mbili za mkeka mdogo. Fuata ule wekundu kutoka 325 kwenda mbele uone unaelekea wapi. Kulinganisha kumesogeza faili la pili, kwa hiyo geuza tena mpaka B iwe juu ya A. Hapo utaona unapanda kuelekea ncha jumlishi.

Huo ndio mtupo. ATP inaingia, swichi zinajifunga, helisi ya nne inaacha nafasi, kiungo cha shingo kinajibandika mbele, na kichwa cha pili kilichokuwa nyuma kinarushwa kwenda kutafuta mahali pa kukanyaga mbele.

Fanya hesabu ndogo uone jinsi vipimo vilivyobana. Alfakaboni mbili jirani ziko umbali wa nanomita 0.38. Asidi amino 14 zikinyooshwa kabisa hutoa nanomita 5.3. Viungo viwili vya vichwa viwili hutoa 10.6. Pengo kati ya sehemu mbili za kukanyagia ni 8. Inatosha, lakini hakuna protini inayonyooka hadi mwisho bila kuvutwa, kwa hiyo vichwa vyote viwili vikiwa chini, shingo huwa imekazwa. Mvutano huo una kazi, maana unasaidia vichwa visifanye jambo moja kwa wakati mmoja: kimoja kikishika, kingine kiachie.

Tahadhari moja. Usiamini kwamba ADP daima ni shingo huru na ATP daima ni shingo iliyobandikwa. Fungua 1MKJ, kichwa cha binadamu kilichotangazwa mwaka 2002. Kina ADP, na bado shingo yake imejibandika. Nje ya reli hali hizi mbili zina nguvu zinazokaribiana, na fuwele inaweza kuchagua mojawapo. Nukleotidi iliyoandikwa kwenye kichwa cha habari cha faili haitoshi kukuambia injini iko katika hatua gani.

Hatua ya 6: Badiliko la ugonjwa, na mtego wa namba

KIF5A ni ndugu wa KIF5B anayefanya kazi kwenye neva. Mabadiliko katika kichwa chake husababisha SPG10, ugonjwa wa kurithi ambao miguu hukakamaa na kudhoofika pole pole. Jambo hili linaeleweka ukikumbuka kwamba neva za kwenda miguuni ndizo ndefu kuliko zote, na hamali akizembea, wa kwanza kukosa mzigo ni aliye mbali. Badiliko mojawapo ni N256S, asparagini 256 kuwa serini. Jingine ni R280C, arginini 280 kuwa sisteini.

Ukikimbilia :256 kwenye 4HNA utafika kwenye lisini. Miundo yetu ni ya KIF5B, na namba hazilingani. Asparagini 256 ya KIF5A ni 255 ya KIF5B, tofauti ya moja. Arginini 280 ni 278, tofauti ya mbili, kwa kuwa katikati yao KIF5A ina asidi amino moja ya ziada. Kwa hiyo hata kusema "nitapunguza moja kila mahali" hakufai. Chukua sekwensi P33176 (KIF5B) na Q12840 (KIF5A) kutoka UniProt, hifadhidata ya protini, zilinganishe kwa kifaa cha Align cha tovuti hiyohiyo, na usome nafasi moja moja.

show #2/K:255,278 atoms
style #2/K:255,278 stick
show #2/A,B cartoons

Asparagini 255 iko pale pale kwenye L11 na mwanzo wa helisi ya nne, njia ya mawasiliano tuliyoiona. Arginini 278 inatazama tubulini moja kwa moja. Moja inagusa mazungumzo ya ndani, nyingine inagusa mshiko wa reli. Ukitaka kuona badiliko lenyewe:

swapaa #2/K:255 ser

Programu itaweka serini mahali pake kwa kuchagua mkao wa mnyororo wa pembeni unaofaa. Haisogezi chochote kingine wala haihesabu nguvu. Inakuonyesha ni mkono gani umeondolewa na ulikuwa umeshika nini. Kuhusu kasi ya kinesini baada ya hapo haisemi kitu. Kasi hupimwa maabara.

Kabla ya kufunga

Hifadhi kazi kwa save kinesini.cxs, na picha kwa:

set bgColor white
save shingo.png width 2000 supersample 3

Chini ya picha andika namba ya muundo, mnyororo, umakinifu, nukleotidi iliyomo, na masafa uliyotumia kulinganisha, kwa mfano "80 hadi 100". Bila hayo ya mwisho, mwenzako akilinganisha kwa njia nyingine ataona helisi ya nne imesogea kiasi tofauti, na mtabishana bure. Kama utaongeza muundo kutoka hifadhidata ya AlphaFold, programu inayotabiri maumbo ya protini, utaje kuwa ni utabiri. Hauna nukleotidi ndani ya chumba, na ile fimbo ndefu baada ya shingo usiipimie chochote.